Kidole, Umbali na Ukubwa wa Kitufe

Ukimwuliza mtu wa kawaida kwa nini programu fulani inamchosha, atakwambia rangi zake ni mbaya, au maandishi ni madogo, au tu kwamba "haina raha". Ni nadra sana akwambie kwamba mkono wake unasafiri mbali mno kwenda kubonyeza kitu chembamba mno. Halisemi hilo kwa sababu halioni. Mkono hufanya kazi yake kimyakimya, na ukikosea, mwenye mkono hujilaumu mwenyewe. Leo nataka tuzungumze juu ya safari hiyo fupi ya mkono, kutoka ulipo mpaka kwenye kitufe. Safari hiyo, ndugu msomaji, ina hesabu yake, na hesabu yenyewe ina umri mkubwa kuliko kipanya cha tarakilishi.

Chuoni tulifundishwa hesabu hii mwaka wa tatu, katika somo la uhusiano baina ya binadamu na tarakilishi. Mhadhiri aliiandika ubaoni, tukaikariri, ikaja kwenye mtihani, tukaijibu, na wengi wetu tukaiacha pale pale ukumbini. Somo lenyewe tulilichukulia kama mahali pa kuvuta pumzi baada ya algorithimu na mifumo endeshi, yale masomo ya "wanaume kwa wanawake wa kweli". Sasa nina miaka mitano nikiandika programu kwa ajili ya unga, na nawaambia kwamba algorithimu za kupanga orodha sijawahi kuziandika mwenyewe hata mara moja tangu nihitimu, lakini hii ya mkono naikuta kila wiki.

Mwenye hesabu ni Paul Fitts, mwanasaikolojia Mmarekani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na mara baada yake alifanya kazi na jeshi la anga la nchi yake, akichunguza kwa nini marubani waliofunzwa vizuri waliendelea kuangusha ndege zisizo na hitilafu. Mwaka 1947 yeye na mwenzake Richard Jones walichambua visa 460 vya yaliyokuwa yakiitwa makosa ya rubani katika kutumia vyombo vya kuendeshea ndege. Wakaona kwamba makosa hayakutawanyika ovyo kama ambavyo uzembe ungeyatawanya. Yalijirudia yale yale, mahali pale pale: rubani ameshika mpini mmoja akidhani ameshika mwingine.

Alphonse Chapanis, naye wa fani hiyo hiyo, alikutana na jambo kama hilo kwenye ndege za B-17. Ndege imeshatua salama, inatembea kwenye njia yake, halafu rubani anakunja magurudumu na ndege inalala kwa tumbo. Alitaka kukunja mabapa ya mabawa. Vishikio vya mabapa na vya magurudumu vilikuwa vimekaa jirani na vinafanana. Dawa ilikuwa rahisi: kishikio cha magurudumu kikavishwa kigurudumu kidogo cha mpira, na cha mabapa kikapewa umbo la kabari, ili mkono ujue umeshika nini hata macho yakiwa kwingine. Kumbuka kisa hiki. Tutakihitaji huko mbele tukifika kwenye maziwa.

Basi mwaka 1954, akiwa Chuo Kikuu cha Ohio State, Fitts alichapisha jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulirudia mezani kwake kwa kalamu na karatasi. Aliwaketisha wanafunzi 16 mbele ya vibamba viwili vya chuma, akawapa kijiti cha chuma mkononi, akawaambia wagonge kibamba cha kushoto, kisha cha kulia, kushoto, kulia, upesi kadiri wawezavyo bila kukosa. Akabadilisha umbali kati ya vibamba, kutoka inchi 2 hadi 16. Akabadilisha pia upana wa vibamba vyenyewe, kutoka inchi 2 hadi robo inchi. Vibamba vipana vilivyokaribiana vilichukua chini ya robo sekunde kwa kila mgongo. Vyembamba vilivyo mbali vilikaribia robo tatu za sekunde.

Hapo utasema, sasa hilo nani halijui? Kitu kikubwa kilicho karibu ni rahisi kukigusa, bibi yangu angekwambia bila kwenda Ohio. Ni kweli. Robert Woodworth alikuwa ameshachunguza uhusiano wa kasi na shabaha ya mkono mwaka 1899, na wahenga wetu walikuwa wameshamaliza kazi kwa kusema haraka haraka haina baraka. Alichoongeza Fitts ni namba. Alichukua nadharia ya habari ya Claude Shannon ya mwaka 1948, ile inayopima waya wa simu unaweza kupitisha biti ngapi kwa sekunde, akautazama mkono kana kwamba nao ni waya. Kila safari ya mkono ina ugumu wake, unaopimwa kwa biti:

ugumu = logi 2 ya (2 × umbali ÷ upana)

Na muda wa safari unapanda kwa mstari mnyoofu kufuatana na ugumu huo. Hayo tu. Watafiti waliofuata wameichezea fomula hii, na wengi leo hutumia ile iliyopendekezwa na Scott MacKenzie, logi 2 ya (umbali ÷ upana + 1), lakini roho yake ni ile ile.

Tazama logi inavyofanya. Chukua kitufe chenye upana wa milimita 10 kilicho milimita 160 kutoka mkono ulipo. Kwa fomula ya MacKenzie ugumu wake ni biti 4.09. Ukikipanua kiwe milimita 20, ugumu unashuka hadi 3.17. Badala ya kukipanua ukikisogeza karibu, kiwe milimita 80, unapata 3.17 ile ile. Kupanua mara mbili na kusogeza nusu ya njia ni kitu kimoja kwa mkono. Na kwa kuwa ni logi, faida kubwa iko kwenye vitu vidogo: kutoa kitufe kutoka milimita 4 kukipeleka 8 ni ukombozi, kukitoa 40 kukipeleka 44 ni kupoteza nafasi ya skrini. Wabunifu wengi niliofanya nao kazi hawalijui hili la pili, wanadhani kikubwa zaidi ni kizuri zaidi siku zote.

Mkono wenye kipanya, katika vipimo vya maabara, hupitisha takribani biti 4 hadi 5 kwa sekunde. Kwa hiyo biti moja ni kama robo ya sekunde. Robo ya sekunde ni nini? Kwako unayebonyeza mara moja si kitu. Kwa mtu anayebonyeza mara elfu mbili kwa siku ni zaidi ya dakika nane za maisha yake, kila siku.

Kipanya kilipoingia, sheria ya Fitts ndiyo iliyokipigia debe. Douglas Engelbart na Bill English walikuwa wamekitengeneza katika miaka ya 1960 na kukionyesha hadharani Desemba 1968. Mwaka 1978 Stuart Card, huyo English na Betty Burr, wakiwa Xerox PARC, walichapisha jaribio lililokishindanisha kipanya na kijiti cha kuelekezea pamoja na vitufe vya kusogeza mshale. Kipanya kilishinda, na cha kuvutia zaidi, kasi yake ilikuwa karibu na ile ambayo Fitts aliipata kwa mkono mtupu na kijiti cha chuma. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kikichelewesha kazi hakikuwa tena kifaa, ulikuwa mkono wa binadamu, na mkono hauna toleo jipya mwakani.

Kutoka hapo ndipo yalipokuja mambo ya kona na kingo. Mshale wa kipanya ukifika ukingoni mwa skrini hukwama. Unaweza kuendelea kusukuma kipanya utakavyo, mshale hautatoka nje. Kwa hiyo kitu kilichobandikwa kwenye ukingo kina upana usio na mwisho, kwa upande ule wa ukingo. Macintosh ya mwaka 1984 iliweka menyu zake juu kabisa ya skrini, na watumiaji wakawa wanatupa mkono juu bila kulenga. Windows ikaziweka menyu ndani ya kila dirisha, mahali ambapo lazima ulenge na kufunga breki. Bruce Tognazzini, aliyekuwa Apple miaka hiyo, ameandika sana kuhusu hili na kwa kejeli za kutosha. Kisa ninachokipenda ni kitufe cha Start cha Windows 95. Kiliwekwa kwenye kona, mahali bora kuliko pote, halafu kikaachiwa ukingo mwembamba wa pikseli chache usiobonyezeka. Ukitupa mshale mpaka konani kabisa, ulikuwa umekikosa. Zawadi imefungwa vizuri halafu mpokeaji kafungiwa mlango. Matoleo ya baadaye yalirekebisha. Kisha Windows 11, mwaka 2021, ikakitoa kitufe hicho konani na kukipeleka katikati, ambako husogea kadiri unavyofungua programu nyingine. Mtu anaweza kukirudisha kushoto kwenye mipangilio, na mimi ndilo jambo la kwanza ninalolifanya.

Sasa tuache kipanya. Wakenya wengi hawakupitia kipanya. Walitoka kwenye vitufe vya kabambe wakaingia moja kwa moja kwenye kioo, na kioo kina vituko vyake.

Cha kwanza, kidole si mshale. Mshale una ncha ya pikseli moja, kidole kina nyama. Utafiti wa Parhi, Karlson na Bederson wa mwaka 2006 uliona kwamba kwa kidole gumba, kitu cha kubonyeza mara moja kinahitaji kama milimita 9.2, na vya kubonyeza mfululizo kama milimita 9.6. Google huwaambia waundaji wa programu za Android watumie vipimo vya 48, ambavyo ni takribani milimita 9. Apple husema nukta 44. Mwongozo wa wavuti wa WCAG 2.2, uliotoka Oktoba 2023, unaweka kiwango cha chini cha pikseli 24 za CSS, ambacho kwa maoni yangu ni kidogo, lakini ni afadhali kuliko kutokuwa na chochote.

Cha pili, kingo za kioo hazikusaidii. Kidole hakikwami ukingoni, kinateleza kikaanguka nje, na kifuniko cha plastiki cha simu kinafanya pembe ziwe mahali pagumu kufika. Uchawi wote wa kona umekufa hapo.

Cha tatu ndicho kilichonifanya niandike leo. Kidole hakigusi pale mwenyewe anapodhani kinagusa. Christian Holz na Patrick Baudisch walichunguza hili kwa makini, wakaonyesha mwaka 2011 kwamba mtu hulenga kwa kutazama sehemu ya juu ya kidole, ile yenye ukucha, maana ndiyo anayoiona. Lakini kinachogusa kioo ni nyama iliyo upande wa chini, asiyoiona. Kati ya hizo mbili kuna pengo, na kwa kawaida mguso huangukia chini kidogo ya pale alipokusudia. Mifumo ya simu hujaribu kusahihisha kwa kukisia. Hukisia vizuri mpaka mtu ashike simu kwa namna ambayo mkisiaji hakuitarajia.

Haya basi, twende kwenye maziwa.

Chama kimoja cha ushirika cha wafugaji, upande wa Kinangop, kilinipa kazi ya kurekebisha programu ya simu waliyokuwa wameuziwa na kampuni nyingine. Kazi ya programu ni ndogo. Karani anasimama kando ya barabara alfajiri, wafugaji wanakuja na mitungi, maziwa yanapimwa ubora, yanapimwa uzito, karani anatafuta jina la mwanachama kwenye orodha, analigusa, anaandika kilo, anahifadhi. Jioni mfugaji anapata ujumbe mfupi wa kilo zake. Mwisho wa mwezi analipwa.

Shida ilikuwa kwamba ujumbe wa jioni ulikuwa ukikosea. Mfugaji amepeleka kilo 12, ujumbe unasema hakuleta kitu, na mwenzake amehesabiwa mara mbili. Malalamiko mengi yalitoka kituo kimoja, kwa karani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa daftari na kalamu miaka mingi kabla ya simu kuletwa. Kamati ilikuwa imeshafikia uamuzi wake: huyu anawapa jamaa zake kilo za watu. Na walikuwa na ushahidi, tena mzuri. Mara nyingi kilo zilizopotea zilikutwa kwa ndugu au jirani wa yule aliyepotelewa. Walimkata mshahara kufidia, na walikuwa wanatafuta mtu wa kumrithi. Mimi niliitwa kuweka nywila, ili "wizi" usiendelee kwa mtu atakayefuata.

Niliomba orodha ya malalamiko kabla ya kugusa programu. Nikakaa nayo usiku mmoja kwenye chumba cha kulala wageni, nimejifunga blanketi mbili, nikiweka kila kisa mbele ya orodha ya wanachama jinsi inavyoonekana kwenye simu. Kilo za mwanachama fulani zimekwenda wapi? Kwa anayemfuata. Na za huyu? Kwa anayemfuata. Karibu kila kisa, kilo zilikuwa zimeshuka mstari mmoja. Zilizopanda mstari mmoja zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Orodha ilipangwa kwa namba za uanachama, na watu wenye namba zinazofuatana ni watu waliokwenda kujiandikisha siku moja, yaani kaka na kaka, mama mkwe na mke wa mwanawe, majirani wa ua mmoja. Undugu ambao kamati iliuona ulikuwa wa kweli kabisa. Ulitokana na orodha.

Asubuhi yake nilikwenda kituoni. Msomaji ambaye hajafika Kinangop mwezi wa saba saa kumi na moja alfajiri, sina namna ya kukueleza. Mama yule alikuwa amevaa koti mbili na glovu zilizokatwa vidole. Mkono wa kushoto ameshika simu, chini, karibu na tumbo, ili mwanga wa skrini usimchome macho na ili kiwiko kikae mwilini kwa joto. Mkono wa kulia umelowa, kwa sababu mitungi imelowa. Nyuma yake dereva wa pikapu anapiga honi, maana maziwa hayasubiri na mtambo wa kupozea uko mbali. Kila mfugaji anapofika, anataja namba yake kabla hata ya salamu.

Nikatoa rula. Kila mstari wa orodha ulikuwa na kimo cha milimita 5.

"Mama, unaona vizuri majina?" nikamwuliza.

"Naona, kijana wangu. Sio macho. Naguza huyu, inashika yule. Nikiwaambia wanasema simu haiwezi kukosea."

Nilikuwa nimeandika kijiprogramu usiku ule, kitu cha mistari michache tu: kinaonyesha msalaba mwekundu, unaugusa, kinaweka nukta pale kilipohisi mguso. Nikampa mama, akiwa amesimama vile vile, ameshika simu vile vile. Nikawapa makarani wengine wawili waliokuwa wakishusha mitungi. Nukta za wote watatu zilitua chini ya msalaba. Za mama zilikuwa chini zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika simu chini zaidi na kidole chake kililala zaidi. Sikuona nukta hata moja ambayo ingeharibu kazi kama mistari ingekuwa na kimo cha milimita 10. Kwa milimita 5, nyingi zilikuwa zimeshavuka mpaka.

Kamati ilikaa Alhamisi. Nilibandika karatasi mbili ukutani, moja ya msalaba na nukta, nyingine ya kilo zilizoshuka mstari mmoja mmoja.

"Kwa hivyo unatuambia simu ndiyo mwizi?" mwenyekiti akaniuliza, na watu wakacheka.

"Hapana, mwenyekiti. Nasema mistari ni myembamba kuliko ncha ya kidole. Mwizi angechagua. Hizi kilo hazikuchagua, zimeanguka."

Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa hajasema kitu, akaomba simu. Akainua miwani, akajaribu kugusa jina lake mwenyewe mara tano mbele ya wote. Alilipata mara mbili. Hapo mjadala ulibadilika sauti, ingawa haukuisha. Kilo za wafugaji zilisahihishwa mwezi ule ule, maana zilikuwa na pa kurudi. Mama aliendelea na kazi. Mshahara aliokatwa, mpaka namaliza mkataba wangu, ulikuwa bado "unajadiliwa". Ukimkata mtu kwa kosa, inachukua kikao kimoja. Kumrudishia kunahitaji muhtasari wa vikao vitatu na sahihi ya mtu aliyesafiri.

Kuhusu programu yenyewe, dawa ya kwanza iliyomjia kila mtu ilikuwa kupanua mistari. Ingesaidia. Lakini orodha ya kituo kimoja ina watu wengi, na ukipanua mistari mara mbili unapata skrini mbili badala ya moja, unasogeza, unapitiliza, unarudi, na dereva anapiga honi. Umepunguza ugumu wa kugusa ukaongeza safari.

Nikarudi kwenye jambo nililolisikia pale kituoni, kwamba kila mfugaji hutaja namba yake. Mama anazijua namba hizo kwa moyo. Orodha ya majina ilikuwa ya nini? Iliwekwa kwa sababu aliyeitengeneza alikaa ofisini, na ofisini mtu hutafuta kwa jina. Tukaitoa. Badala yake tukaweka vitufe vya tarakimu kama vya simu ya zamani, vinavyojaza nusu ya chini ya skrini, kila kimoja kipana zaidi ya milimita 15. Unaandika namba, jina linatokea juu kwa herufi kubwa, unaandika kilo, unahifadhi.

Mmoja wa vijana wa ofisi yao alipinga, na hoja yake haikuwa mbaya: mguso mmoja wa jina umekuwa miguso minne ya tarakimu, tumeongeza kazi. Hapa kuna hesabu nyingine, ya Card, Moran na Newell, iliyotoka mwaka 1980. Wao walikadiria kwamba kubonyeza kitufe ambacho vidole vimekizoea huchukua kama sekunde 0.2 kwa mpigaji chapa stadi wa wastani, kulenga kitu kwenye skrini kwa kipanya huchukua kama sekunde 1.1, na kusita kidogo kufikiria kabla ya kutenda huchukua sekunde 1.35. Zilipimwa kwenye tarakilishi za mezani, hazihamii kwenye kioo chenye maji namba kwa namba. Lakini uwiano unafundisha. Tarakimu nne vikubwa, vilivyo karibu karibu, mahali pasipobadilika, ni kazi ya mkono peke yake. Kutafuta jina kwenye orodha ni macho, kusita, kusogeza, kusita tena, halafu kulenga. Nadhani hii ndiyo sababu watu wazima wengi walijifunza M-Pesa haraka ilipoanza mwaka 2007. Ilikuwa menyu fupi yenye namba, kwenye vitufe vya kubonyeza ambavyo kidole gumba kilishavijua kwa kununua muda wa maongezi. Kitufe cha kabambe kina kitu ambacho kioo hakina: unakihisi kabla ya kukibonyeza, kama kile kigurudumu cha mpira cha B-17.

Kitu kimoja tulikifanya kiwe kigumu kwa makusudi. Kwenye programu ya zamani, kitufe cha Futa kilikaa bega kwa bega na Hifadhi, vyote vidogo, rangi moja. Watu hudhani sheria ya Fitts ni ya kurahisisha tu. Ni rula, inapima pande zote mbili. Hifadhi tukaiweka chini, pana kama skrini yenyewe, pale kidole kinapokuwa kimemaliza kuandika kilo. Futa tukaipeleka juu kabisa, pembeni, mahali ambapo lazima ubadilishe namna ya kushika simu ili ufike. Kijana wa ofisi alisema inaonekana vibaya. Inaonekana vibaya, nakubali.

Siku hizi natembea na rula ndogo ya plastiki kwenye mfuko wa tarakilishi. Pikseli hazinisaidii sana, kwa sababu simu ya bei nafuu na ya bei ghali zinaweza kuwa na pikseli tofauti kabisa kwenye kioo cha ukubwa ule ule, na mfugaji hana kidole cha pikseli. Nikiletewa mchoro mzuri na mbunifu, nauchapisha kwenye karatasi kwa ukubwa wa simu na kuugusa kwa kidole kilichopakwa wino. Mara nyingi wino unajibu swali ambalo tungelibishania asubuhi nzima.

Kituo cha mwisho kupewa programu mpya kilikuwa juu zaidi, karibu na msitu, na karani wake ni mzee mwenye vidole vilivyokakamaa kwa jembe na kukamua. Kioo hakikumhisi vizuri, ngozi ya ncha imekuwa ngumu mno. Alijaribu mara mbili, akatikisa kichwa, akakunja kidole akaanza kubonyeza kwa fundo. Alibonyeza vizuri tu, namba, kilo, hifadhi, ila 7 na 8 zilimsumbua kidogo. Fundo ni pana kuliko ncha. Nikapunguza kitufe cha sifuri, ambacho kilikuwa na nafasi ya ziada, nikawaongezea wengine milimita 2.